Dadaab: Nyumba rafiki wa mazingira na mzigo wa neno ‘muda’

Kabla ya ukame mkubwa wa 2011, Baraza la Wakimbizi la Norway (NRC) lilianza kujenga nyumba za matofali ya udongo huko Ifo 2, eneo lililopimwa upya karibu na mji wa Dadaab katika Kaunti ya Garissa. Matofali hayo yalishindiliwa kwa mashine papo hapo kambini, bila tanuri na bila kuni. Baadhi ya nyumba zilikuwa zimekwisha kusimama serikali ya Kenya iliposimamisha kazi. Sababu iliyotolewa ni kwamba nyumba hizo zilikuwa na sura ya makao ya kudumu.

Kisa hicho kinastahili kukumbukwa na kila anayetaka kuelewa ujenzi unaohifadhi mazingira katika Kaskazini Mashariki. Ufundi wa kujenga nyumba ya namna hiyo unajulikana, na gharama yake si ya kutisha. Jambo ambalo limeuzuia kwa zaidi ya miaka 30 ni uamuzi kwamba watu hawa wapo kwa muda tu, na ardhi ya Garissa ndiyo iliyolipa gharama ya uamuzi huo.

MAKAZI YALIYOCHORWA

Dadaab iko takriban kilomita 100 kaskazini mashariki mwa mji wa Garissa, katika uwanda wa mchanga na vichaka ambao mvua yake kwa mwaka mara nyingi haifiki milimita 400. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka wa 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Somalia. Hagadera na Dagahaley zilifuata mwaka wa 1992. Zote tatu zilikusudiwa kupokea watu 90,000. Mwaka wa 2011, ukame na vita vilipowasukuma zaidi ya watu 1,000 kwa siku kuvuka mpaka, idadi ya wakazi ilipita 450,000.

Mara nyingi msomaji huonyeshwa picha ya mahema yaliyotapakaa jangwani, akadhani mahali hapa palichipuka penyewe kama uyoga. Sivyo. Wasanifu majengo, miongoni mwao Mjerumani Werner Schellenberg na Mswidi Per Iwansson, walisaidia kuchora ramani za mwanzo. Maeneo ya makazi yaligawanywa kwa mitaa na njia, na visima, shule, zahanati na masoko vikatengewa nafasi. Ukizitazama Hagadera na Dagahaley kutoka angani, mistari ya mpimaji bado inaonekana.

Kwa hiyo mji ulipangwa. Kilichoachwa nje ya mpango ni nyumba yenyewe. Mkimbizi alipewa kiwanja kilichopimwa na turubai la kukifunika.

Neno ‘muda’ limepita mezani mwa wahariri mara nyingi kiasi kwamba hakuna tena anayelisimamisha na kulihoji: makao ya muda, vyoo vya muda, madarasa ya muda. Mtoto aliyezaliwa Hagadera mwaka wa 1992 sasa ana watoto wake mwenyewe, na huenda hajawahi kulala chini ya paa ambalo halikuitwa la muda.

AQAL NA KUNI

Kabla ya ramani hizo, wafugaji wa eneo hili walikuwa na nyumba iliyowafaa kuliko nyingine yoyote. Aqal ya Kisomali hujengwa na wanawake. Fito hupindwa zikafanywa kuba, kisha hufunikwa kwa mikeka iliyosukwa na wanawake hao hao. Familia inapohama, nyumba hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia, na pale ilipokuwa pamesimama huota nyasi mvua zinaponyesha.

Usafi wa aqal mbele ya mazingira unategemea kuhama. Fito chache hukatwa hapa, nyingine kule, na malisho hupata miezi ya kupumzika. Nyumba hiyo hiyo ikiwekwa mahali pamoja kwa miaka 30, pamoja na maelfu ya nyingine kama hiyo, hesabu hugeuka. Mchwa hula fito, fito hukatwa tena. Mikeka huchakaa, na mahali pake huchukuliwa na nguo kuukuu na plastiki. Hema la turubai halina nafuu, kwa sababu jua la Garissa hulichana katika muda wa mwaka mmoja hivi, na mabaki yake huishia kuning’inia miibani.

Kisha kuna kuni. Jiko hutumia miti mingi kuliko ukuta, na kadiri vichaka vya karibu vilivyomalizwa ndivyo wanawake walivyolazimika kwenda mbali zaidi. Ripoti za haki za binadamu za tangu 1993 zilieleza jinsi walivyovamiwa na kubakwa njiani. Wafugaji wenyeji nao waliona malisho yao yakigeuzwa makaa na fito, na ugomvi ukazuka. Shirika la Ujerumani la GTZ lilianzisha mwaka wa 1993 mradi wa majiko yanayookoa kuni, upandaji miti na mafunzo ya mazingira. Baadaye, kuanzia 1998, kuni zilianza kununuliwa na kugawiwa ili kupunguza safari hizo. Hatua hizo zilisaidia, lakini hazikugusa swali la nyumba.

TOFALI LISILOCHOMWA

Tofali lililojengewa Ifo 2 lina asili ya mbali. Mashine ya mkono ya kushindilia udongo ilibuniwa katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez, katika kituo cha utafiti wa makazi cha CINVA mjini Bogotá, Colombia. Ni sanduku la chuma lenye mpini mrefu: fundi hujaza udongo, hufunga kifuniko, huvuta mpini, na tofali hutoka likiwa gumu. Mashine za kizazi cha baadaye, ambazo nyingine hutengenezwa Nairobi, hulipa tofali ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, hivyo kila tofali hushikana na jirani yake. Ukuta huhitaji saruji kidogo sana katikati ya matofali.

Udongo unaofaa ni ule wenye mchanga mwingi na mfinyanzi kiasi. Fundi hupima kwa njia rahisi: hutia udongo katika chupa ya kioo hadi karibu nusu, huongeza maji na chumvi kidogo, hutikisa, kisha huiacha chupa itulie hadi siku ya pili. Mchanga hukaa chini, tope laini katikati na mfinyanzi juu, na tabaka hizo humwambia kama aongeze mchanga au asiongeze. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi haufai, kwa sababu huvimba mvua ikinyesha na kuuvunja ukuta.

Udongo uliochekechwa huchanganywa na saruji, kwa kawaida sehemu moja ya saruji kwa sehemu 12 hadi 20 za udongo, na maji kiasi cha kuufanya ushikane mkononi bila kuchuruzika. Baada ya kushindiliwa, matofali hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa wiki moja au mbili. Mafundi wengi wenye haraka huharibu kazi hapa. Tofali lililoachwa juani siku ya kwanza hukauka kabla saruji haijashika, na kona zake humomonyoka kwa ukucha.

Faida kubwa ni kwamba hakuna kinachochomwa. Tofali la tanuri hula miti mingi, na katika wilaya ambazo mti wa mita nne huchukua miaka mingi kukua, tanuri ni hasara isiyolipika. Ubaya wake pia usifichwe: saruji lazima isafirishwe kutoka mbali, na maji ya kunyunyizia hutoka katika visima vile vile vinavyonywesha watu na mifugo. Anayejenga wakati wa mvua, akakinga maji ya paa la jirani, huupunguza mzigo huo.

Sheria nayo haikuwa kikwazo. Kanuni za ujenzi za Kenya za mwaka wa 1968 ziliegemea mawe na saruji, lakini marekebisho ya 1995 yaliufungulia mlango udongo ulioimarishwa, na Wizara ya Nyumba baadaye ikaendesha mafunzo ya matofali yanayoshikana sehemu mbalimbali za nchi. Kilichokatazwa Ifo 2 kilikuwa kinahimizwa kwingineko na serikali hiyo hiyo.

Wala fedha hazikuwa zimekosekana. Agosti 2011 Wakfu wa IKEA ulitangaza kuipa UNHCR dola milioni 62 kwa ajili ya Dadaab, kwa muda wa miaka mitatu.

JUA, UPEPO NA PAA

Garissa iko karibu kabisa na ikweta. Jua la mchana hupita juu ya kichwa, hivyo paa ndilo linalopigwa zaidi, kisha kuta za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Nyumba inayofaa huwekwa ubavu wake mrefu kaskazini na kusini, na kuta za mashariki na magharibi zikafanywa fupi, bila madirisha au zenye matundu madogo tu. Madirisha yakiangaliana upande wa kusini na kaskazini, pepo za kusi na za kaskazini zote hupita ndani kwa zamu yake.

Bati tupu hugeuza chumba kuwa tanuri. Dari ya mkeka, hata ya bei ya chini, ikiachiwa nafasi ya kupumua kati yake na bati, hupunguza joto kuliko feni. Paa litokeze nje ya ukuta angalau nusu mita, kwa sababu ya kivuli na kwa sababu ukuta wa udongo hufa kwa mvua inayopiga miguu yake.

Paa hilo pia ni kisima. Bati la mita 50 za mraba, katika mwaka wa mvua ya milimita 300, hupokea lita 15,000. Ukitoa kinachopotea kwa mruko na kwa kuosha vumbi la mwanzo, hubaki kama lita 12,000. Familia ya watu sita inayotumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku ingeishi kwa maji hayo siku 100. Turubai haliwezi kufanya kazi hiyo.

Wanaotaka kuona jinsi usanifu wa leo unavyoweza kujifunza kutoka nchi kame watazame Turkana, ambako chuo cha teknolojia cha Startup Lions, kilichosanifiwa na Francis Kéré wa Burkina Faso na kukamilika mwaka wa 2021, kina minara ya kutolea hewa moto iliyoigwa kutoka vichuguu vya mchwa. Vichuguu Garissa havikosi.

UA NA MITI

Pale ukuta ulipokatazwa, mti haukukatazwa. Pengine hii ndiyo sababu habari njema nyingi za Dadaab ni za miti. Mashirika yalizungushia ua vipande vya ardhi na kuvipanda miti, vikaitwa mikanda ya kijani. Wakazi wenyewe walipanda mwarobaini uani, na leo kuna mitaa ambayo kivuli chake kinawazidi umri vijana wanaokaa chini yake.

Mwarobaini ulishinda kwa sababu mbuzi hawaupendi. Mlonge hukua haraka na majani yake ni mboga, lakini mbuzi huyapenda kama watu wanavyoyapenda, kwa hiyo mche uzungushiwe miiba. Mgunga ni wa hapa hapa: hukua polepole, huvumilia, na maganda ya mbegu zake ni chakula cha mifugo wakati wa kiangazi. Mhina huleta fedha mikononi mwa wanawake. Mkwaju huhitaji subira na nafasi.

Mathenge ni habari nyingine. Mti huu kutoka Amerika ya Kusini uliletwa Kenya katika miaka ya 1970 na kusambazwa katika nchi kame katika miaka ya 1980 kama dawa ya jangwa. Mifugo ikala maganda yake matamu na kuzitawanya mbegu kwa kinyesi, na sasa vichaka vyake vimeziba malisho na kingo za maji hadi Garissa. Wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa ajili yake, na mbuzi aliyepoteza meno akapelekwa Nairobi kama kielelezo. Anayeukuta mathenge uani mwake aukate kwa fito na makaa, lakini asiupande.

Shimo la mti lichimbwe kabla ya mvua za Oktoba, lenye kina cha nusu mita, likizungukwa na kingo ya udongo yenye umbo la mwezi mchanga, mdomo wake ukitazama upande maji yanakotoka. Uwanda wa Dadaab huonekana tambarare, lakini maji huujua mteremko wake. Ayatazame mvua ya kwanza ikinyesha, ndipo achimbe. Mti mkubwa ukae mita nne au tano kutoka ukutani, upande wa magharibi kwanza, kwa kuwa jua la saa kumi ndilo linalotesa.

Maji yaliyokwisha kuosha vyombo na nguo yasimwagwe njiani. Miti huyavumilia, ilimradi sabuni isiwe nyingi. Mboga ni afadhali zipate maji safi, na hapa bustani ya gunia, iliyoenezwa Dadaab na mashirika katika miaka ya 2000, imefaa sana. Gunia hujazwa udongo na samadi, mawe yakipangwa katikati kama bomba la kupitishia maji, na sukuma wiki hupandwa katika matundu ya ubavuni. Huhitaji nafasi ya sufuria kubwa tu.

MAJI YANAPOKUJA YOTE

Nchi hii ya kiu huzama pia. Mvua za El Niño za 1997 zilizikata kambi na barabara. Novemba 2006 Ifo ilifurika. Mwezi Mei 2024 UNHCR ilitangaza kwamba karibu watu 20,000 walikuwa wamehamishwa na maji katika kambi za Dadaab. Vyoo hufurika, na kipindupindu hufuata.

Sehemu ya tatizo huchimbwa kwa mikono. Anayejenga kwa udongo mbichi huuchukua uani, na shimo hubaki. Mvua ikija, shimo hilo huwa bwawa la mbu mlangoni, na ukuta usio na saruji wala msingi wa mawe huyeyuka kuanzia chini. Katika makazi yaliyopangwa ipasavyo udongo huchimbwa mahali pamoja, chini ya mteremko, na shimo hilo likageuzwa kuwa bwawa la kunyweshea mifugo. Sakafu huinuliwa sentimita 30 au zaidi. Mambo hayo mawili hayawezi kufanywa na familia moja peke yake, wala na mtu asiyejua kama mwaka ujao atakuwa hapo.

NANI ATATOA RUHUSA?

Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itaifunga Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu, chini ya Jaji John Mativo, iliibatilisha amri hiyo. Mwaka wa 2021 serikali ikatangaza tena kufunga, na tarehe iliyowekwa, Juni 2022, ikapita. Mwezi Novemba mwaka huo huo wa 2021 Sheria mpya ya Wakimbizi ilitiwa saini, na Machi 2025 Rais William Ruto akazindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji.

Mfano wa karibu ni Kalobeyei, Turkana, makazi yaliyoanzishwa mwaka wa 2016 kwa ramani iliyochorwa pamoja na shirika la UN-Habitat. Huko wakazi walipewa fedha mkononi wajenge nyumba za kudumu, wakachagua mafundi na vifaa wenyewe. Nchi ni moja na sheria ni moja. Tofauti ni kwamba kaunti na wenyeji walikubaliana mapema juu ya ardhi.

Garissa makubaliano hayo ni magumu zaidi. Ardhi ya Dadaab na Fafi ni ya jamii, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inapaswa kusajiliwa kwa jina la wenyewe. Mfugaji aliyeona malisho yake yakikatwa tangu 1991 ana haki ya kuuliza atapata nini nyumba za wageni zikiwa za kudumu, na kama kisima, shule na tofali hilo vitamfikia naye. Wapo wenyeji wengi Dadaab wanaolala chini ya turubai lile lile.

Ifo 2 yenyewe ilifungwa mwaka wa 2018, wakazi wake wakapelekwa kambi nyingine au kurejea Somalia. Mwaka wa 2023 ilifunguliwa tena kwa ajili ya maelfu waliokimbia ukame mwingine. Wengi wao walianza kwa fito walizozikata wenyewe, nguo kuukuu na turubai.